Skafu yangu inajikunja kama jamvi, nakosea wapi? Na ninyi jioni mnashika kazi gani?

Mpwani wa Njombe

Salamu kutoka Njombe, wapendwa.

Mwenzenu ni mzaliwa wa Pangani. Nimekulia upepo wa bahari, na nguo nzito kwangu ilikuwa kanga ya pili. Novemba iliyopita nikaolewa huku, na miezi ya mwanzo nikajiona nimeiweza baridi. Kumbe kile kilikuwa kipindi cha mvua tu. Kipupwe kimeingia sasa: maji ya ndoo asubuhi yanauma vidole, nikisema neno ndani ya nyumba yangu mwenyewe natoa moshi mdomoni, na mafuta ya nazi niliyotoka nayo kwetu yameganda kwenye chupa, hata kumiminika hayamiminiki.

Mume wangu anatoka saa kumi na moja alfajiri kwa pikipiki kwenda kiwanda cha chai. Saa hiyo ni giza, na ukungu umelala barabarani. Anarudi shingo imekakamaa, na hii ni wiki ya pili anakohoa. Za dukani nilizoziona ni kitambaa chepesi cha urembo, haziwezi upepo wa pikipiki. Nikasema nitamfumia skafu kwa mikono yangu.

Jirani yangu, mama mmoja mtu mzima, akanifundisha. Sindano mbili alizonipa zimechongwa kwa mwanzi na kusuguliwa kwa msasa hadi zikawa laini kama mfupa, zina unene wa kama milimita 5. Nilinunua uzi wa bluu iliyoiva, madonge mawili, kila moja gramu 100. Akanionyesha kupandisha vitanzi 40, akanionyesha kufuma mstari mmoja kwa mbele, kugeuza kazi, na mstari wa pili kwa nyuma. Siku ya tatu akapigiwa simu, binti yake amejifungua Songea. Akaondoka. Nimebaki na sindano na hivi vitanzi vyangu.

Nimefika kama sentimita 30, na haya ndiyo yanayonitesa:

Kwanza, inajikunja. Kingo za kushoto na kulia zinakimbilia nyuma, na kule chini nilikoanzia kunapanda juu kwa mbele. Nikiilaza mezani inabaki bomba, ukiiona utadhani ni jamvi lililokunjwa kuhifadhiwa. Niliiweka usiku kucha chini ya godoro. Asubuhi nikaitoa imenyooka, nikaenda kuchemsha chai, nikarudi nikaikuta bomba tena.

Pili, inapanuka. Nilianza na 40, jana nimehesabu 46. Sijaongeza kitu kwa kusudi. Na kuna vitundu vitatu katikati ambavyo sijui vimetoka wapi.

Tatu, na hapa nilisikitika kweli, nilijaribu kuipiga pasi. Niliweka kitambaa kibichi juu, nikakandamiza kona moja. Kona imelala, lakini imekuwa laini kupita kiasi, imelegea, inang'aa kama mfuko wa plastiki. Nikiivuta hairudi. Naogopa nimeiharibu.

Na kuna swali la pili, linanikaa moyoni kuliko hilo la kwanza. Bibi yangu kule Pangani, baada ya sala ya Alasiri, alikuwa anakaa ukumbini na fungu lake la miyaa iliyoloweshwa, yale majani ya mkindu, anasuka ukili, ule ukanda mrefu wa kushonea mkeka. Macho yako barabarani, mdomo unaongea na wapita njia, mikono inakwenda peke yake. Ukili ukirefuka anausimamia na kuunyoosha kwa mikono miwili iliyotanuliwa, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, anahesabu: pima moja, pima mbili. Mimi nilikuwa mtoto wa kumpelekea maji ya kulowesha. Sikujifunza. Sasa niko mbali, jioni hapa ni ndefu, tunajifungia mapema kwa baridi, na tukiwasha simu kila mtu anazama kwenye yake. Ninaishi na mama mkwe. Ni mtu mwema, lakini mimi na yeye tukimaliza salamu na habari za chakula, maneno yanakwisha. Nimeanza kufuma nikaona usiku unakwenda vizuri. Nataka kujua ninyi wenzangu mnashika kazi gani ya mikono au ya utulivu nyumbani, na inawafaa vipi.

Nisaidieni.

---

Mwalimu Mstaafu, Lushoto

Mwanangu, hujambo. Hujaharibu kitu, isipokuwa ile kona.

Nimefundisha sayansi kimu miaka mingi, na kila darasa la kufuma nililowahi kushika lilikuja na malalamiko hayo hayo. Kosa la kujikunja si lako. Aina ya ufumaji uliofundishwa ndivyo ilivyo. Ukifuma mstari mmoja mbele na mmoja nyuma, usoni unapata zile safu nzuri kama nywele zilizosukwa, na mgongoni unapata vinundu. Ni mzuri kwa sweta kwa sababu sweta linaunganishwa pembeni na lina mkanda wa kuvutika chini. Skafu haina wa kuishika. Fikiria kila kitanzi kama waya mwembamba ulioupinda: unataka kurudi ulikotoka. Kwenye ufumaji huo vitanzi vyote vimepindwa kuelekea upande mmoja, kwa hiyo nguvu zao ndogo ndogo zinajumlishana. Ndiyo maana pembeni panakwenda nyuma siku zote na chini panakuja mbele siku zote, hata afume nani. Godoro halitaliweza hilo.

Dawa ni kuchanganya vitanzi vya mbele na vya nyuma kwenye uso ule ule, ili kila upande uvutane na mwenzake.

Ya rahisi kuliko zote: fuma kwa mbele mistari yote, usigeuze namna. Utapata matuta ya kulala pande zote mbili, kitambaa kinene, hakijikunji hata kidogo. Kwa anayeanza mimi huwapa hiyo.

Ya pili, na kwa shingo ya mtu naipenda zaidi: vitanzi viwili mbele, viwili nyuma, viwili mbele, viwili nyuma, hadi mwisho wa mstari. Ukigeuza kazi, angalia kilichoko mbele ya macho yako: kinachoonekana laini kifume kwa mbele, kinachoonekana kinundu kifume kwa nyuma. Utapata mifereji ya kusimama, na kitambaa kinavutika na kurudi kama mpira. Idadi yako igawanyike kwa nne, na 40 inagawanyika. Ila ujue mifereji inabana, skafu itatoka nyembamba kuliko uliyonayo sasa. Panda 48 au 52.

Wako watakaokwambia uweke kingo za vitanzi vinne vya matuta kila upande na uache katikati kama palivyo. Inasaidia, lakini kwa skafu pana katikati patashinda kingo. Nimeona wengi wakilia.

Sasa kuongezeka. Sita zilizozidi zimetoka sehemu mbili, na vitundu vyako ni mashahidi. Ukifuma kwa mbele uzi unakaa nyuma ya kazi, ukifuma kwa nyuma unakaa mbele yake, na ukiuhamisha lazima upite katikati ya sindano mbili, chini. Ukiupitisha juu ya sindano unajizalia kitanzi kipya, na chini yake panabaki tundu. Hivyo vitundu vitatu ni vitanzi vitatu. Vitatu vilivyobaki vimetoka mwanzo wa mstari. Ukigeuza kazi na uzi ukauvuta kwa juu kupita nyuma ya sindano, kitanzi cha kwanza kinapinduka na kuonyesha miguu yake miwili, nawe unaifuma yote miwili kama vitanzi viwili. Kabla hujaanza mstari, shusha uzi chini, mbele yako, halafu uangalie: kitanzi kimoja, mguu mmoja mbele na mmoja nyuma. Na uhesabu. Kila mstari, mwanangu, hadi mkono uzoee.

Kuhusu pasi: uzi wako karibu nina hakika si sufu, ni ule wa kutengenezwa kiwandani, jamaa ya plastiki. Joto limeyeyusha uhai wake kwenye kona hiyo, na haurudi. Kata kipande cha inchi mbili, kishike kwa koleo juu ya sahani yenye maji, kichome. Kikinuka nywele zilizoungua, kikajizima, na majivu yake yakasagika vidoleni, ni sufu. Kikinuka karatasi, ni pamba. Kikiyeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi, ni kiwandani, na pasi usiisogeze tena. Wa namna hiyo unaufua kwa maji ya uvuguvugu, unaulaza juu ya taulo, unaunyoosha kwa viganja, unauacha ukauke wenyewe kivulini.

Fumua yote. Ukifika kwenye ile kona, ikate uitupe. Uzi uliobaki bado ni wako.

---

Wa Kinangop

Hujambo dada wa Njombe. Mimi niko Kenya, huku Kinangop, na baridi yetu ya Julai ni dada wa hiyo yako.

Mwalimu amekuambia ufumue, nami naongeza: usiogope kufumua. Mimi nyuzi zangu nyingi zimetoka kwa kufumua. Naenda sokoni siku ya mtumba, natafuta sweta la mwanamume, kubwa, la sufu, hata kama limetoboka kiwiko. La gramu 500 linanipa skafu mbili, na uzi wenyewe ni mzuri kuliko ule ningepata dukani kwa pesa hizo.

Lakini kuna kitu cha kuangalia kabla hujalipa. Lipindue ndani nje, utazame mshono wa ubavuni. Ukiona kingo mbili zilizofumwa zimeshonewa pamoja kwa uzi mmoja unaoweza kuukata, nunua. Ukiona pameshonwa kwa ile cherehani ya kuzungushia kingo, yenye nyuzi nyingi nyembamba kama za fulana, liache. Hilo lilikatwa kwa mkasi kutoka kitambaa kirefu, na kila mstari umekatika pembeni. Utafumua na utabaki na vipande vya urefu wa mkono, maelfu. Nilinunua moja la kijani hivyo, la kupendeza, nikakaa nalo siku nzima. Na likiwa limewahi kufuliwa kwa maji moto hadi likagandamana kama blanketi nzito, hilo pia halifumuki.

Uzi ukitoka unakuwa umejikunja kunja kama tambi. Uzungushe kwenye migongo ya viti viwili, ufunge mahali panne usije ukachanganyika, uloweshe, uuanike ukiwa na chupa ya maji inayoning'inia chini. Ukikauka umenyooka.

Na kwa swali lako la pili: shosho yangu, yaani bibi, alikuwa anasuka vyondo, vile vikapu vya kwetu. Alikuwa anasokota uzi wa mkonge juu ya paja lake, kiganja kinaenda mbele kinarudi, hata ngozi ya paja mahali hapo ilikuwa laini inang'aa. Alikuwa anatembea njiani kwenda shamba huku anasuka. Mimi sina paja lake, nina sindano. Nafuma jioni baada ya kukama, redio ikiwa chini, na mtoto wangu wa darasa la nne ananihesabia mistari kwa mbegu za maharagwe, anatoa moja kwenye kikombe na kuweka kwenye kingine. Hesabu zake za kuzidisha zimenyooka tangu tuanze hivyo.

---

Kijana wa Makambako

Dada, mimi sifumi, ila naendesha pikipiki kila siku. Usimtengenezee ndefu yenye ncha za kuning'inia. Nimeona kanga ikinaswa kwenye tairi la nyuma, abiria akaburutwa, namshukuru Mungu alipona. Skafu ni hivyo hivyo, inalegea, inapeperuka nyuma, inaingia kwenye mnyororo. Mtengenezee ya mviringo, ya kuvalia kichwani kama kola ndefu, iingie ndani ya jaketi. Na iwe na kimo cha kufika juu ya pua, kwa sababu upepo wa alfajiri unaingilia pale chini ya helmeti na huenda unamzidishia hicho kikohozi.

Akifikisha wiki mbili anakohoa, mpeleke hospitali, usingoje skafu.

---

Mwalimu Mstaafu, Lushoto

Kijana amesema jambo la maana, nami nilipaswa kuliuliza mwanzo. Mcheza dansa wa Marekani, Isadora Duncan, alifariki kule Nice, Ufaransa, mwaka 1927 kwa skafu yake ndefu kunaswa kwenye gurudumu la gari la wazi alilopanda. Mviringo ndio wenyewe.

Mpwani, namna yake si ngumu. Fuma kipande cha mifereji ya mbili kwa mbili, upana wa mstari sentimita 58 hadi 60 bila kuvuta, ndio utakaozunguka kichwa, na kimo sentimita 28 hivi ili sehemu nyingine ikunjwe shingoni. Kisha kingo mbili za pembeni uziunganishe kwa sindano ya kushonea na uzi ule ule. Anza na kipande kidogo cha majaribio, vitanzi 20 kwa mistari 20, ukipime kwa rula. Utajua sentimita moja inakula vitanzi vingapi kwa mkono wako, kwani mkono wako si wangu.

---

Mshona Kofia, Unguja

Assalaam alaykum. Nimesoma nikaona nami niseme langu.

Mimi nashona kofia za mkono. Kitambaa cheupe, tabaka mbili, naambiwa ni kazi ya wanawake na wengine wanasema ya wanaume, mimi nimefundishwa na mama yangu na sasa namfundisha binti yangu na mwanangu wa kiume pamoja. Unachora ua kwa penseli, unatoboa kitundu, unakizungushia uzi kitundu kwa kitundu hadi mdomo wake ukaze. Kofia moja nzuri inanichukua miezi. Anayeivaa, vile vitundu vinampitishia hewa, kwa huku kwetu joto. Kwa hiyo mimi nashona ili hewa ipite na wewe unafuma ili isipite, na mikono yetu inafanya kazi moja.

Nataka nikwambie kuhusu mama mkwe wako, ukiniruhusu. Mzee mmoja mtaani kwetu alifiwa na mkewe, akawa haongei na mtu. Tulikwenda kumpa pole tukakaa kimya wote, maneno yaliisha siku ya kwanza. Mwenzetu mmoja akaja na bao. Ubao ule wa mashimo 32 na kete 64. Akauweka mbele yake, akaanza kunamua, yaani kuingiza kete moja moja ubaoni, peke yake, pande zote mbili, na anacheza vibaya. Siku ya pili mzee akashindwa kuvumilia. Akanyoosha mkono akaliondoa kete alilolikosea, akaliweka panapostahili. Hakusema kitu. Siku ya nne akasema "takata", neno la bao la kucheza bila kula kete. Ndilo neno la kwanza tulilolisikia kwake tangu mazishi.

Mama mkwe wako ana mikono gani? Alikuwa anafanya nini jioni kabla wewe hujaja?

---

Mpwani wa Njombe

Mwalimu, shikamoo. Kaka wa Unguja, waalaykum salaam. Dada wa Kinangop, na wewe kijana, asanteni sana. Nimekaa kimya siku tisa kwa sababu nilikuwa nafanya kazi mliyonipa.

Niliuchoma uzi. Umeacha punje nyeusi, ngumu, nikaigonga na kijiko haikuvunjika. Kumbe ni wa kiwandani kama Mwalimu ulivyosema. Pale dukani niliambiwa ni sufu tupu, nami nililipa bei ya sufu. Limepita hilo, ila wengine mkinunua ombeni kipande mkichome.

Nilifumua usiku mmoja. Nilidhani nitalia lakini uzi ulivyokuwa unatoka, kitanzi baada ya kitanzi, tik tik tik, ulinituliza. Vile vitundu niliviona vizuri nilipokuwa narudi nyuma: kila kimoja kilikuwa pale pale nilipohamisha uzi. Niliuona mkono wangu ukikosea, kwa kinyumenyume.

Nikapanda 20 za majaribio. Kwa mkono wangu, mifereji, vitanzi 20 vimetoa sentimita 9 na kidogo. Kwa hiyo kwa sentimita 59 nimepanda 128. Nahesabu kila mstari. Mara mbili nimekuta 129, mara zote mbili ni mwanzo wa mstari, nimerudisha.

Sasa swali la kaka. Nililisoma nikaona haya, kwa sababu miezi saba nimeishi naye na sijawahi kumuuliza. Jumamosi wakati anamenya viazi nikamwambia, mama, zamani jioni ulikuwa unafanya nini? Akanyamaza, akaosha mikono, akaingia chumbani kwake. Nikadhani nimemkera. Akarudi na kapu lililofungwa kwenye kitenge. Ndani mna milulu, ile nyasi ndefu ya kusukia vikapu, imekauka imekuwa ya rangi ya asali, na kikapu kilichosukwa nusu. Kitako kimekamilika na ukuta umepanda kama vidole vinne, halafu nyasi zimesimama zimetawanyika, zimeachwa. Yeye ni wa Iringa, alikuwa anasuka na dada yake. Dada alipofariki akaifunga ile kazi ilipofikia, akaja nayo Njombe hivyo hivyo.

Sikujua niseme nini. Nikamwambia tu, kwetu bibi analowesha miyaa kwanza isikatike. Akasema, na hii hivyo hivyo. Nikaenda kuleta maji.

Tangu siku hiyo, baada ya chakula tunakaa jikoni karibu na jiko la mkaa, mlango tumeuachia nafasi hewa iingie. Yeye na milulu, mimi na uzi. Ameniambia dada yake alikuwa anapenda kukosea rangi kwa makusudi mahali pamoja kwenye kila kikapu ili akikiona sokoni akijue. Ameniambia habari za mume wangu akiwa mdogo ambazo mwenyewe hataki zisemwe. Nami nimemweleza bibi yangu na pima zake. Akaniambia simama, tanua mikono. Akaulaza uzi kutoka kidole hadi kidole kwenye mikono yangu, akaupima kwenye urefu wangu kutoka kisigino hadi utosini. Umelingana, umepungua nusu ya kidole.

Sasa nimefika kimo cha sentimita 28. Nimefunga vitanzi jana usiku, nikaunganisha kingo, na hapa nimekwama tena: haipiti kichwani kwa mume wangu. Kitambaa chenyewe kinavutika vizuri, lakini mdomo wake, pale nilipofungia vitanzi, umekaza kama kamba. Wamejaribu yeye na mama yake, mmoja anavuta mmoja anasukuma, masikio yamekuwa mekundu. Nifanyeje bila kufumua yote?

---

Mwalimu Mstaafu, Lushoto

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa kuhesabu.

Usifumue yote. Umefunga vitanzi kwa mkono wa kukaza, kila anayeanza hufunga hivyo kwa kuogopa visichomoke. Fumua ule mshono wa kuunganisha peke yake, kisha ule mstari mmoja wa kufungia, taratibu, ukivipokea vitanzi 128 kwenye sindano nyembamba kimoja kimoja. Kabla hujaanza, pitisha uzi wa rangi nyingine ndani ya vitanzi vyote vya mstari ulio chini yake, uuache humo. Kitanzi kikidondoka kitaishia hapo, hakitashuka zaidi.

Ukishavipata, fungia tena ukitumia sindano nene zaidi mkono wa kulia. Kama huna, viringisha kalamu ya risasi kwa msasa hadi iwe laini, itafaa. Kila kitanzi unachokiruka juu ya mwenzake kiache kipumue. Na unapounganisha kingo, vuta kitambaa kidogo kila baada ya mishono mitano, uone kama mshono unanyooka nacho.

---

Mpwani wa Njombe

Imepita. Nimetumia penseli.

Imekaa vizuri, inamfika juu ya pua, akiishusha inakunjika mara mbili shingoni. Haijikunji. Kikohozi kimepungua, lakini nimemsikia kijana wa Makambako na Jumatatu tunakwenda hospitali kwanza, kazini baadaye.

Gramu 70 za uzi zimebaki. Mama mkwe amezipima kiganjani, akasema hazitoshi, anataka na yake iwe nyekundu. Dada wa Kinangop, mshono wa ubavuni nimeuelewa. Alhamisi ni siku ya mtumba hapa.